Kaeni, Simameni

Mliokaa, kaeni vizuri. Mliosimama huko nyuma, msinisukume. Hadithi ina miguu, itawafikia. Nina habari ya watu watatu wa mji wa Mkongeni, na nawaambia mapema tusije tukalaumiana: jibu lake sinalo. Nimezunguka na swali hili siku nyingi, mara nampa haki huyu, mara nampa yule, na leo nimechoka kulibeba peke yangu.

Mkongeni ni mji wa katani. Kiwanda cha kamba ndicho kilichozaa timu, timu ikaitwa Kamba, na uwanja wake ukaitwa Kambani. Upande wa kaskazini wa uwanja huo palikuwa na jukwaa la ngazi za saruji, halina kiti hata kimoja, watu wakisimama bega kwa bega tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Jukwaa hilo waliliita Wima. Watu wa Wima walijivunia miguu yao. Walisema mpira unaotazamwa kwa makalio ni sinema.

Sasa wajueni hao watatu.

Fundi Akida Singano alijaliwa mikono. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na kipaji chake kilikuwa kujua kila kitu kinaegemea wapi. Ukimpelekea geti lililolegea hakukimbilia moto; alilizunguka, akaliegemea kwa bega, kisha akasema, "Hapa ndipo linapoumwa." Na kweli ndipo palipokuwa pakiumwa.

Bi Tatu Kibanga alijaliwa kuhesabu. Siku za mechi alikuwa kwenye geti la Wima na kipande cha kamba ya katani mkononi, na kila watu ishirini wakipita alifunga fundo moja. Msalimie, mtanie, mpigie hadithi ya jirani, hesabu haikumpotea. Walisema hata harusini aliweza kukuambia nani amekula mara mbili, ndiyo maana wengine hawakupenda kumwalika.

Semeni Shekilindi alijaliwa sauti. Ndiye aliyekuwa mtangazaji wa uwanja. Umeme ukikatika, kipaza sauti kikifa, yeye aliendelea tu, na aliyekuwa sokoni alijua nani ameingia badala ya nani. Hadithi yetu itatembea karibu naye huyu, kwa sababu katika watatu hao ndiye asiyetulia. Ukimpa kigoda alikikalia nusu, anangoja kuitwa. Ukimkaribisha chai aliinywa mlangoni. Watu walidhani ni tabia ya watangazaji, lakini haikuwa tabia. Lilikuwa neno.

Sikilizeni lilivyoanza.

Miaka tisa kabla ya haya ninayoyaendea, Wima ilijaa pomoni. Siku hizo hapakuwa na wa kuhesabu. Geti lilifungwa mlinzi alipochoka. Dakika za mwisho Kamba wakapata penalti, tena goli la upande ule ule wa Wima. Waliokuwa juu hawakuona vizuri, wakaanza kushuka. Waliokuwa chini hawakuwa na pa kwenda, maana mbele yao ulikuwa uzio wa waya. Semeni, kwenye kibanda chake upande wa pili wa uwanja, aliuona umati unaanza kuinamia chini. Akashika kipaza sauti akapaza:

"Kaeni! Jamani, kaeni!"

Alimaanisha kaeni hapo mlipo, msisogee. Wa juu walielewa hivyo hivyo, na wangetii kama wasingekuwa wanasukumwa na wenzao wa nyuma. Lakini wale wa chini, waliobanwa na uzio, walisikia neno lilo hilo wakaelewa lingine. Wakakaa. Wakaketi kwenye saruji kwa heshima zote, kama wanafunzi waliokaripiwa. Na wa juu wakawajia.

Watu kumi na saba waliumia. Mmoja wao alikuwa Hiyari, mdogo wake Semeni, wakati huo ana miaka ishirini. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na tangu siku hiyo anatembea kwa magongo. Mmoja hakuamka. Naye ni Kaniki, muuza kahawa, mume wa Bi Tatu.

Iliundwa kamati. Ikakaa siku kumi, ikaandika chanzo kwa maneno mawili: kusimama ovyo. Hakuna aliyeuliza kuhusu neno lile, kwa kuwa kila mtu alikuwa amelisikia, na kila mtu alidhani mwenzake amelielewa kama yeye. Semeni peke yake, kule kibandani, ndiye aliyewaona wakikaa. Aliona, hakusema. Mwanzo alingoja aulizwe, hakuulizwa. Kisha akangoja matanga yaishe, yakaisha. Kisha Bi Tatu akaja kulia begani mwake, na baada ya hapo kusema kukawa kugumu zaidi kuliko kunyamaza. Aliona aibu, na aliogopa.

Halmashauri ikapiga marufuku kusimama. Viti vya plastiki vikafungwa kwa nati kwenye ngazi za Wima, na ubao mkubwa ukaandikwa: KAA KWENYE KITI CHAKO. Basi watu wa Wima wakavipokea viti, wakavipanda. Wa mbele akisimama, wa nyuma afanyeje? Naye alisimama. Na wa nyuma yake akapanda juu ya kiti ili aone. Viti vile havikuwahi kujua makalio, vilijua soli za viatu.

Aliyekaa ni Hiyari peke yake, safu ya nne, magongo yamelala mapajani. Miaka tisa hakuona goli hata moja. Aliona migongo, akajifunza kuisoma: ikikakamaa ni kona, ikilegea mpira umetoka, ikiruka ni goli. Goli lenyewe alisimuliwa.

Bi Tatu naye akaiomba kazi ya geti. "Wangehesabiwa," alisema, "mume wangu angekuwa hai." Hakuna aliyethubutu kumnyima.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ila kwanza nimtaje Mzee Mbaruku, mwenyekiti wa Kamba. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, anapenda timu yake, ila alikuwa na ugonjwa wa kuandika barua na kutoa maagizo. Nanyi mtaona kwamba siku ile watu waliokolewa na wale watatu waliokataa maagizo yake, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni Akida. Yeye alikuwa amekataa miezi mitatu nyuma. Aliwatazama watu wanavyoyumba juu ya viti, roho ikamsuta. "Mtu aliyesimama bila kitu cha kuegemea," alisema, "huegemea mtu." Akaokota mabomba ya chuma kwenye chakavu cha kiwanda, akaenda Wima mchana kweupe, akachomelea bomba moja refu kwenye safu ya nane, toka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho, kimo cha kiuno. Mlinzi alidhani ametumwa na halmashauri, akamletea maji ya kunywa. Mzee Mbaruku alipoliona akaandika barua: liondolewe ndani ya siku saba. Akida aliisoma barua ile, akaifutia mafuta mikononi, bomba likabaki.

Wa pili ni Bi Tatu. Siku hiyo Kamba walikuwa wakihitaji ushindi mmoja tu wapande daraja, na mji mzima ulikuwa getini. Alipofunga fundo la sitini, yaani watu elfu moja na mia mbili, akavuta geti. Nje walibaki watu kama mia tatu wakipiga kelele. Mzee Mbaruku akaja mbio, jasho linamtoka.

"Bi Tatu, fungua! Mbona viti vingine naviona vitupu?"

"Mwenyekiti, waliotakiwa kuvikalia wako juu ya viti vya wenzao. Nafasi imekwisha."

"Basi wakae kwenye ngazi za kupitia."

"Ngazi za kupitia ni za kupitia."

"Nakuagiza mimi, mwenyekiti wako!"

"Shikamoo, mwenyekiti," akasema Bi Tatu, akachomeka ufunguo kwenye upindo wa kanga. Ngazi za kupitia zikabaki tupu.

Wa tatu ni Semeni. Yeye alikuwa na karatasi ya mwenyekiti mezani kibandani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: likitokea la kutokea, soma hivi, Watazamaji mnaombwa kukaa kwenye viti vyenu. Kila alipoitupia jicho ilimchoma. Miaka tisa alikuwa akitafuta neno ambalo angelisema siku ile badala ya lile. Tulieni. Ngojeni. Msisogee. Aliyapanga akiwa jikoni, aliyapanga akiwa msibani, aliyapanga watu wanamsemesha naye haitiki.

Dakika ya themanini Kamba wakafunga. Wima ikaruka, na safu ya kumi na tano, iliyokuwa imebeba miguu miaka yote hiyo, ikang'oka nati. Watu kama arobaini waliokuwa juu ya viti wakaporomoka kwa pamoja, wakawaangukia wa mbele yao, na wa mbele yao wakawaangukia wa mbele zaidi. Wa juu kabisa walidhani ni shangwe, wakaanza kushuka nao washangilie.

Waliporomoka hadi safu ya nane, wakakutana na bomba. Bomba lilipiga kelele, likapinda kidogo, likakaa. Chini yake safu saba zilikuwa zimejaa watu, na safu ya nne Hiyari amekaa, anatazama migongo, haelewi kwa nini mara hii imegeuka.

Semeni akasimama. Akaisukuma ile karatasi ikaanguka chini. Akafungua kinywa, na katika maneno yote aliyoyapanga miaka tisa halikuja hata moja. Likaja lingine lililojileta lenyewe:

"Simameni!"

Waliokuwa wakishuka mbio wakasikia wasimame, wakasimama palepale mguu mmoja hewani. Walioanguka chini ya wenzao wakasikia wasimame, wakajikokota, wakashika bomba, wakainuka. Neno moja, maana mbili, na safari hii zote mbili zilikuwa za kweli. Akalirudia mara tatu, kipaza sauti kikaungua, akaendelea bila hicho. Kisha watu wakashuka kwa ngazi za kupitia, mmoja mmoja, kwa kuwa zilikuwa tupu.

Waliochubuka walikuwa wengi. Aliyelazwa hakuna.

Hapo ndipo zawadi ilipozaliwa, na zawadi nyingine ni mzigo. Halmashauri ilisema Wima itavunjwa na kujengwa upya, ikaleta michoro miwili. Mchoro wa kwanza ni wa viti vipya, imara, kila mtu na kiti chake, na kusimama mwisho. Wa pili ni wa kusimama: kila safu ina bomba lake la kuegemea, kila mtu ana nafasi yake yenye namba, na pembeni panatengwa viti kwa wanaotaka kukaa. Watu wa Kamba wachague wenyewe, jibu Jumatatu. Mji ukagawanyika katikati. Ndugu walinuniana. Kinyozi mmoja alimwacha mteja nusu kichwa kwa sababu ya mchoro wa pili.

Mzee Mbaruku akaona atumie busara. "Aliyewaokoa watu siku ile," alitangaza, "yeye ndiye atakayechagua. Neno lake litakuwa neno letu sote. Hiyo ndiyo zawadi yake." Akadhani amemaliza kazi.

Jumamosi, Semeni alikuwa uani akichambua mchele, sinia liko mezani, yeye amesimama. Hiyari alikuwa kwenye benchi, magongo pembeni.

"Dada, si ukae?"

"Nimezoea."

"Wakikupa wewe neno, utasema nini?"

"Viti."

"Kwa nini?"

"Watu wakae. Yaliyotokea yasitokee tena."

Hiyari akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mimi nimekaa miaka tisa, dada. Sijaona goli. Wapeni pao hao wanaotaka kusimama, wakaegemee mabomba yao, nasi tunaokaa tupewe petu. Nataka kuona mpira kabla sijazeeka."

"Wewe unasema hivyo? Wewe uliyevunjwa na kusimama?"

Hiyari aliinamia magongo yake, akayapanga, akayapangua. "Mimi sikuvunjwa na kusimama. Mimi nilikaa."

Mikono ya Semeni ikasimama juu ya sinia.

"Nilisikia sauti yako, nikakaa. Wengine walisita. Mimi nikasema huyu ni dada yangu, anaona nisichokiona. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akajigonga gotini. "Mimi nilisikia."

"Umejua siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nawe ungeishi vipi mji huu?"

Semeni akataka kukaa, akashindwa. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. "Kaniki," akasema. "Ulimwona Kaniki?"

"Alikuwa ubavuni kwangu. Aliweka kwanza dele lake la kahawa chini, taratibu. Kisha akakaa."

Semeni akaushika mchele aliokwisha kuuchambua, akauchanganya tena na chuya na mawe yake, akaanza upya bila kujua anachofanya. Hiyari alimwona, hakumwambia.

Jumapili watu walikutana kwenye bohari la kiwanda. Viti vilikuwa arobaini, watu wanapita mia tatu. Mzee Mbaruku akagonga meza. "Karibuni wananchi, kaeni." Bohari zima likacheka, ila Semeni alishtuka hadi aliyekuwa jirani yake akamuuliza kama anaumwa.

Fundi Akida alizungumza kwanza, kofia mkononi. "Mwenyekiti, mimi si msemaji. Hesabu ya Bi Tatu ni nzuri, lakini hesabu haimdaki mtu anayeanguka. Sauti ya Semeni ni nzuri, lakini sauti haina mikono. Watu walishikwa na bomba. Nipeni neno, nami nasema: wacheni watu wasimame, mradi wana pa kuegemea. Mnawakataza kusimama, wanasimama juu ya viti. Mtawakataza hata lini?"

Nusu ya bohari ikapiga makofi.

Bi Tatu akaja mbele. Alikuwa na ile kamba ya mafundo sitini mkononi, bado hajaifungua. "Fundi, bomba lako lilibeba watu arobaini, likapinda. Ningefungua geti, lingebeba mia tatu zaidi. Na huyu shoga yangu Semeni angewaambia wapite wapi, kama ngazi zimejaa? Neno ni langu. Nasema viti. Kiti kimoja, mtu mmoja, na atakayekaidi nitamtoa mimi mwenyewe." Akainua ile kamba. "Mume wangu alikufa amesimama. Sitaki mwanamke mwingine aambiwe hivyo."

Nusu nyingine ikapiga makofi, na wengine walilia.

"Bado Semeni," akasema mwenyekiti.

"Semeni!" mmoja akaita huko nyuma. Wengine wakadakia, "Semeni! Semeni!" Na hilo, mnajua, ni jina na ni amri.

Akaenda mbele. Sauti ile inayofika sokoni ilitoka ndogo, watu wakalazimika kunyamaza waisikie.

"Bila neno langu wa juu wangeendelea kushuka, bomba lingekatika, na ngazi tupu zisingemsaidia mtu aliyelala chini ya wenzake. Hayo ni kweli na ningeweza kuishia hapo." Akamgeukia Bi Tatu. "Lakini dada Tatu, mumeo hakufa amesimama. Alikufa amekaa. Mimi ndiye niliyemwambia akae."

Akaeleza yote. Neno alilolisema, alichomaanisha, walichosikia wa juu, walichosikia wa chini. Akaeleza kwamba aliona na akanyamaza miaka tisa, huku kosa lake wamebebeshwa watu wa Wima na miguu yao. Hiyari akainuka kwa magongo yake nyuma ya bohari, akasema, "Ni kweli. Nami nilikaa."

Bi Tatu alikuwa ameishika kamba yake kwa mikono miwili.

"Alikaa?" akauliza.

"Alikaa. Aliweka dele lake chini kwanza."

"Asimuunguze mtu," akasema Bi Tatu. "Ndiye Kaniki huyo." Kisha akainua macho. "Miaka tisa nimelia begani kwako, Semeni. Miaka tisa unanipigapiga mgongoni."

Fundi Akida akakohoa. "Kumbe basi kusimama hakukumuua mtu. Wima ilisingiziwa."

"Fundi, Wima hiyo hiyo hakuna aliyeihesabu," akasema Bi Tatu, bila kumtazama. "Wangekuwa wachache, neno lolote lingekuwa salama."

"Na wangekuwa na bomba," akajibu Akida, "hata huo uchache usingehitajika."

"Mwenyekiti," mtu mmoja akapaza sauti kutoka kwenye marobota ya katani, "kama Semeni asingekosea siku ya kwanza, angelijua neno la siku ya pili?"

"Kwa hiyo apewe zawadi kwa mtihani alioufanya juu ya mume wangu?" Bi Tatu akamgeukia. Mtu yule akajificha nyuma ya robota lake. Kisha Bi Tatu akamwendea Semeni, akasimama karibu naye hata pumzi zao zikakutana. "Viti nilivitaka kwa ajili yake. Sasa sijui ninachotaka; mnipe siku mbili nitajua. Lakini wewe sikupi neno, Semeni. Ulishapewa mara moja."

Semeni akatikisa kichwa kukubali. Na, jamani, sikilizeni: hapo hapo, mbele ya watu wote, akakaa. Alikaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la katani, mara ya kwanza kwa miaka tisa akikaa na makalio yote mawili. Mwili wake ulikuwa umetua. Bohari zima lilikuwa limesimama.

Hiyari akamfuata kwa magongo yake, akasimama juu yake. "Mwenyekiti," akasema, "mnagombana nani aliokoa. Mimi nilikuwa safu ya nne. Nimeokolewa na wote watatu kwa mara moja, na figa moja haliinjiki chungu. Lakini aliyenivunja ni mmoja wao, na nikiulizwa nani aseme, namtaja huyo huyo. Ndiye pekee anayejua neno linaweza kufanya nini."

"Huyo ni dada yako!" wakamzomea.

"Ni dada yangu," akasema Hiyari. "Na mguu ni wangu."

Mzee Mbaruku alitazama karatasi yake. Palikuwa na mstari mmoja mtupu, na Jumatatu ilikuwa kesho. Akaondoa miwani, akaifuta, akaivaa, mstari ukabaki mtupu. Barua zote alizoandika maishani, na hii ya neno moja inamshinda. Mwishowe akasema, "Wananchi, tukae tufikiri." Hakuna aliyekaa.

Mimi nimewaacha hapo, bado wamesimama. Akida ana haki: aliona mapema ambacho hakuna aliyetaka kukiona, akakifanya, na bomba lake lipo, mtu anaweza kulishika. Lakini anataka wasimame, na bomba lake lilipinda. Bi Tatu ana haki: alimkatalia mkubwa usoni, na kila aliyeshuka salama alishukia kwenye nafasi aliyoilinda yeye. Lakini alitaka viti kwa sababu ya jambo ambalo kumbe halikuwa hivyo, na sasa mwenyewe hajui. Semeni ana haki: neno lake liliwasimamisha na kuwasimamisha. Lakini neno lake lingine liko makaburini, na miaka tisa aliacha uongo ujenge jukwaa. Na yuko Hiyari, ambaye hakumwokoa mtu yeyote, anataka tu kuona goli, na uamuzi wowote utakaotolewa utamwangukia yeye wa kwanza.

Haya, zamu yenu, nyinyi mliokaa na nyinyi mliosimama. Mstari ni mmoja, na unangoja. Mngempa nani auandike? Na Wima mngeijenga vipi, watu wakae au wasimame? Jibuni, ila taratibu, tena neno moja moja. Huko nyuma kuna watu hawaoni vizuri, na lolote mtakalosema watalifanya.